Bure

Neno bure lina sura mbili,
na zote nilizijua usiku mmoja wa Januari,
blanketi mabegani, simu nimeiegemeza kwenye buli,
mtandao wa Naryn ukija na kuondoka
kama mgeni asiyeamua kuvua viatu.

Nilitafuta kitu kidogo tu:
namna ya kuwafundisha watoto kumi na tisa,
darasa la tatu, la nne na la tano,
chumba kimoja, jiko moja la makaa,
kulinganisha na kulinganua.
Maneno pacha haya, yameachana mkiani tu.

Bure, ukurasa wa kwanza ulisema,
kisha ukataka namba ya kadi.
Bure kwa siku saba, ukasema wa pili,
na siku ya nane ikaninyemelea chini
kwa maandishi ya miguu ya sisimizi.
Wa tatu ulikuwa bure kweli:
nilifungua, hamkuwa na kitu.

Saa saba usiku nikaipata.
Karatasi moja, maduara mawili yamepandana,
pembeni herufi mbili za jina la mwalimu nisiyemjua,
na maneno: Chukua, badilisha, mpe mwenzako.
Nikasema ahsante kwa sauti.
Paka akaniangalia kama anayedai maelezo.

Printa ya shule haijaonja wino tangu Septemba.
Nikafunika bakuli la chai juu ya karatasi,
nikazungusha penseli,
nikalisogeza kidogo, nikazungusha tena,
hivyo mara kumi na tisa, na moja ya ziada
kwa kuwa Aidai hukosea kwanza, ndipo hupata.

Mfano wa yule mwalimu ulikuwa nyangumi na papa.
Kubanich, ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona
ni mto, nao ulikuwa umeganda,
akauliza yupi kati yao hukamuliwa.
Darasa likacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka.
Jioni nikasoma: nyangumi hunyonyesha, papa hanyonyeshi.
Asubuhi nikamwomba radhi mbele ya wote,
akaandika *maziwa* kwenye duara la kushoto
kwa herufi kubwa kuliko nyangumi mwenyewe.

Kwenye hesabu nikawapa nusu, na sifuri nukta tano.
Aidai akajaza katikati mpaka pakafurika,
pembeni pakabaki peupe pande zote.
"Mwalimu," akasema, "huyu ni mtu mmoja
mwenye kofia mbili."
Jiografia haikwenda vizuri. Tuiache.

Ijumaa wakaja Tologon na Jomart, ndugu,
hawatazamani, mmoja ana mkwaruzo shavuni.
Usiku lango la zizi liliachwa wazi.
Kila mmoja alikuwa na msemo wake, na ushahidi wake, na mbwa wake wa kumshuhudia.
Sikuamua. Niliwapa karatasi moja na penseli mbili.

Tologon, upande wake: *Nilifunga. Kufuli lilikuwa baridi, nalikumbuka vidoleni.*
Jomart, upande wake: *Nilitoka kabla yake.*
Katikati pakakaa patupu
hadi makaa yakashuka jikoni kwa kishindo.
Kisha Jomart: *Farasi watatu.*
Tologon: *Theluji.*
Jomart: *Baba hakusema neno.*
Na chini kabisa, mwandiko siwezi kuujua ni wa nani:
*Afadhali angepiga kelele.*

Farasi wawili walirudi wenyewe Jumapili.

Sasa ni usiku tena, buli ni lile lile.
Nimepiga picha karatasi yangu, ile ya ishirini,
yenye alama ya bakuli lililovuja chai,
duara la tatu ambalo sikulichora.
Nimeandika chini herufi mbili za jina langu.
Wananiuliza bei. Naandika sifuri.
Mstari unatambaa, unafika asilimia tisini na nne,
unasimama.

Naenda kuongeza makaa.